Beti ya besiboli ya mtoto: hapa hakuna "ataikulia"

Kila ikifika mwezi wa pili simu yangu inajaa picha za beti, lile gongo la kupigia mpira wa besiboli. Mzazi yuko dukani, ameshika beti mkono mmoja, simu mkono mwingine, anapiga picha ananirushia WhatsApp, "kocha, hii vipi kwa dogo?" Na mimi kila mwaka nauliza swali lilelile, dogo mwenyewe yuko wapi? Yuko shule. Au yuko nyumbani. Beti ya mtoto inapimwa kwa mkono wa baba yake, na baba akiitikisa anaona mbona nyepesi hii, hebu nipeni kubwa yake.

Nafundisha besiboli watoto wa miaka 6 mpaka 12 hapa Dallas, Texas, na wikendi nyingine nasaidia kwenye duka la vifaa vya michezo, upande wa beti hasahasa, kwa hiyo hili jambo naliona kwa pande zote mbili, linavyonunuliwa na linavyokuja kumtesa mtoto uwanjani.

Wengi wetu tumelelewa na sare ya shule inayonunuliwa kubwa makusudi. Kaptula inakunjwa kiunoni, kiatu kinawekwa gazeti mbele, mama anasema ataikulia, na kweli uliikulia, hela ilikuwa ya shida na ile ilikuwa akili nzuri kabisa. Sasa beti haiko hivyo. Mtoto akipiga mwaka mzima na beti inayomzidi, mwili wake unajifunza namna ya kuibeba hiyo beti na sio namna ya kupiga mpira, na akija kuikulia kweli, ile namna mbaya bado iko naye na kuitoa ni kazi ya miezi.

Nasema hivi kwa sababu mwanangu wa kwanza nilimfanyia hivyohivyo. Alikuwa na miaka 8, mwembamba, nikakuta beti ya inchi 30 aunsi 20 (aunsi moja ni kama gramu 28) imeshushwa bei nikasema hii atatumia misimu mitatu. Mazoezi ya kwanza nikasimama pembeni kuangalia. Mpira ukiwa bado haujarushwa beti ilikuwa imelala begani kama mtu aliyebeba gogo la kuni, maana hawezi kuishikilia juu. Mpira ukija, kabla beti haijaenda mbele kichwa chake kinashuka kwanza, kiwiko cha nyuma kinaingia mbavuni, halafu beti inapita kutoka chini kwenda juu, mpira umeshafika kwa mdakaji zamani. Aliporudi kukaa alikuwa anajikanda kifundo cha mkono. Akaniambia baba mimi siwezi besiboli. Ile sentensi iliniuma sana, kwa sababu aliyeshindwa sio yeye, ni beti niliyomnunulia mimi. Wiki iliyofuata kocha mwenzangu akamwazima ya inchi 27 aunsi 17, na siku hiyohiyo akaanza kugusa mipira.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Kwa watoto wa Little League, ile ligi kubwa ya besiboli ya watoto, mrushaji anasimama futi 46 kutoka kwa mpigaji, kama mita 14 hivi. Mpira ukija kwa maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, unafika kwa sekunde 0.6 tu. Ndani ya hapo mtoto aone, aamue, halafu beti itoke begani ifike mbele ya kiuno. Beti nzito inataka ianze kutoka mapema, kwa hiyo mtoto analazimika kuamua kabla hajauona mpira vizuri. Watu husema beti nzito inapeleka mpira mbali, na ni kweli uzito unasaidia, ila usaidie nini kama beti imefika mpira ukiwa umepita?

Tuje kwenye urefu, hapa hapana ugumu. Mtoto asimame wima, simamisha beti pembeni ya mguu wake, kichwa cha beti, ule upande mnene, kikiwa chini sakafuni, mkono wake ukining'inia kawaida kiganja kifike kwenye kile kivimbe cha mwisho cha mshikio. Kipimo cha pili, aweke kivimbe katikati ya kifua, beti ielekee pembeni sambamba na mkono alionyoosha, ncha za vidole zifike mwisho wa beti. Vidole visipofika beti ni ndefu. Kwa kukisia tu, miaka 5 mpaka 7 wengi wanaangukia inchi 24 mpaka 26, miaka 8 na 9 ni 26 mpaka 28, miaka 10 ni 28 au 29, na 11 na 12 ni 30 au 31. Hayo ni makadirio, mtoto wa miaka 9 anaweza kuwa na mwili wa miaka 12 na mwingine kinyume chake, ndio maana nasisitiza mlete mwenyewe.

Uzito ndio unaochanganya watu. Kwenye beti utaona namba kama -10, hiyo wanaita dropu, unachukua uzito kwa aunsi unatoa urefu kwa inchi. Beti ya inchi 28 yenye dropu 10 ina aunsi 18, kama gramu 510. Namba ya dropu ikiwa kubwa beti ni nyepesi zaidi kwa urefu wake. Wadogo chini ya miaka 8 nawapa dropu 10 mpaka 13, kuanzia 9 mpaka 12 wengi wanacheza na 10, wenye nguvu 8. Wakifika high school sheria yenyewe inawabana kwenye dropu 3, kwa hiyo kuanzia miaka 13 unaanza kuwashusha taratibu, usimtoe mtoto kwenye 10 ukamtupa kwenye 3 msimu mmoja.

Lakini namba ya aunsi haimalizi mambo. Shika jembe mwisho wa mpini ulinyanyue, halafu shika jembe hilohilo karibu na chuma. Ni jembe moja, uzito mmoja, ila mkono unakwambia kitu kingine kabisa. Beti ndivyo zilivyo, mbili zote zimeandikwa inchi 28 aunsi 18, moja uzito umesambaa vizuri na nyingine umejazwa kule kichwani, hiyo ya pili mtoto ataisikia nzito hata mzani ukatae. Kwa mtoto anayeanza mimi namchagulia ile iliyosambaa uzito, sina mjadala hapo.

Kipimo cha dukani: mtoto ashike beti kwa mkono mmoja kwenye mshikio, anyooshe mkono pembeni usawa wa bega, uhesabu taratibu mpaka 20. Beti ikianza kutetemeka na kushuka ukiwa kwenye 8 au 9, rudisha. Akimaliza, mwambie azungushe mara kumi mfululizo mahali penye nafasi, na wewe usiangalie beti, angalia kiwiko cha nyuma na kichwa. Mzunguko wa kwanza kila mtoto anajikaza kwa sababu anaitaka ile yenye rangi kali, ukifika wa saba au wa nane mwili unasema ukweli.

Kabla hujalipa geuza beti utafute mhuri, alama inayoonyesha beti inakubalika ligi gani. Toka Januari 1, 2018 Little League na ligi nyingi za watoto hapa Marekani zinataka mhuri wa USA Baseball. Timu za kusafiri, zile zinazozunguka miji kucheza mashindano, mara nyingi zinatumia wa USSSA, shirika jingine la michezo, unaandikwa 1.15 BPF, hizo zinarusha mpira kwa kasi zaidi na kwenye Little League hazikubaliki. High school mhuri wao unaandikwa BBCOR .50. Muulize kocha ligi yenu inataka upi, ni ujumbe mmoja tu. Msimu uliopita mama mmoja, dada yetu kutoka Mombasa, alinunua mtumba beti nzuri sana, urefu sawa, uzito sawa, siku ya mechi mwamuzi akaitoa, kumbe ni ya softiboli, mchezo ndugu wa besiboli unaotumia mpira mkubwa zaidi. Mtoto alilia pale mbele ya wenzake. Beti za softiboli na za besiboli kwa mbali zinafanana, kwa hiyo soma maandishi.

Kuhusu malighafi sitakaa sana. Alumini inamtosha mtoto, unaitoa dukani unaanza kupiga leo. Zile za komposaiti, yaani za nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, zina bei, nyingine zinapita dola 300, zinataka zipigwe mipira 150 mpaka 200 ndio zilainike, na kwenye baridi chini ya nyuzi 60 za hapa (Farenhaiti), kama 16 za Selsiasi, zinaweza kupasuka. Mtoto wa miaka 8 haihitaji.

Kwa ndugu zangu wa Dar mnaopata vifaa vya msaada kutoka Japani, zile beti zinaandikwa sentimita na gramu, kwa hiyo 78 ni kama inchi 31 karibu, usimpe mtoto wa miaka 8. Na nyingi za watoto zimetengenezwa kwa ule mpira wa raba wanaochezea kule, ukipigia mpira mgumu wa ngozi beti inabonyea au kuvunjika, tenganisheni mapema.

Na kama umeshanunua kubwa na risiti imepotea, usiitupe na usimlazimishe. Mwambie apandishe mikono juu kwenye mshikio inchi moja au moja na nusu, beti inakuwa fupi na nyepesi mkononi hapohapo. Zungusha tepu ya rangi pale mkono wa chini unapotakiwa kukaa, maana ukimwacha hivihivi akifika mpira wa tatu mikono imesharudi chini. Mwanangu ile ya inchi 30 nilimfungia tepu nyekundu nikaiweka kabatini, akaja kuitumia akiwa na miaka 10 na nusu, na tepu aliibandua mwenyewe.