Je, toba ni ya Kwaresima peke yake?

Mwishoni mwa Novemba, pale Bagamoyo mjini, mafundi cherehani huanza kukataa kazi: vitambaa vya Krismasi vimeshajaa hadi chini ya meza. Ukitaja kitubio, yaani kuungama dhambi, wakati huo, wengi hujibu kwamba toba ina msimu wake, Kwaresima. Majilio, majuma yanayotangulia Krismasi, ni ya kumngoja Mtoto Yesu kwa shangwe.

Kuna ukweli ndani yake. Kwa Wakatoliki, Aleluya huendelea kuimbwa Majilio yote, na Jumapili ya tatu padre anaweza kuvaa rangi ya waridi, ishara ya furaha. Lakini zambarau ya siku nyingine ni rangi ya toba, na wimbo wa Utukufu kwa Mungu juu hauimbwi Jumapili zote nne. (Wanakwaya huligundua hili kabla yetu.)

Kuhakiki ni rahisi. Fungua Injili ya Jumapili ya pili: iwe Mathayo 3, Marko 1 au Luka 3, kutegemea mwaka, utamkuta Yohana Mbatizaji akihubiri toba. Jumapili ya kwanza haigusi hori wala wachungaji. Inahimiza kukesha, maana Bwana atarudi. Habari za kuzaliwa kwake hushika nafasi hasa kuanzia 17 Desemba.

Na Majilio hayaanzi 1 Desemba kila mwaka, kama wengine wanavyodhani. Chukua kalenda ya ukutani, hesabu Jumapili nne kurudi nyuma kabla ya tarehe 25. Utaangukia Jumapili yake ya kwanza, kati ya 27 Novemba na 3 Desemba.