Kolesteroli, Melatonini na Ugonjwa wa Alzheimer: Maswali na Majibu

Ni kitu gani hasa huharibika katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu?

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza alichokiona kwa hadubini katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki: mabonge yaliyoganda katikati ya seli za neva, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua kwamba mabonge hayo hutokana na protini iitwayo amiloidi beta, na nyuzi hizo hutokana na protini iitwayo tau. Mabadiliko haya huanza kimyakimya miaka mingi kabla ya familia kugundua kwamba mzee wao anauliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja.

Kolesteroli tumezoea kuisikia kwenye magonjwa ya moyo. Ubongo unahusikaje?

Ubongo ni takriban 2% tu ya uzito wa mwili, lakini umebeba zaidi ya 20% ya kolesteroli yote ya mwili. Sehemu kubwa imo katika mayelini, ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva, na nyingine imo katika utando wa kila seli. Ubongo hujitengenezea kolesteroli yake wenyewe, kwa sababu kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo hakiruhusu ile ya kwenye damu kupita. Kwa hiyo, anayesoma majibu ya kipimo cha damu asidhani kwamba mafuta yale yale ndiyo yaliyorundikana kichwani mwake.

Tuutazame utando wa seli kwa karibu. Protini ambayo amiloidi beta hukatwa kutoka kwake imepenya utando huo, sehemu ndogo ikiwa ndani ya seli na kubwa ikiwa nje. Vimeng'enya huikata. Ikikatwa mahali pamoja, vipande vyake havidhuru. Ikikatwa pengine, hutoka amiloidi beta. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba palipo na kolesteroli nyingi utando hukakamaa, na vimeng'enya vya ule ukataji wenye madhara hupata nafasi nzuri zaidi ya kufanya kazi.

Lipo pia jambo la urithi. Jeni iitwayo APOE hutoa maelekezo ya kutengeneza protini inayosafirisha kolesteroli ndani ya ubongo, na tangu mwaka 1993 imefahamika kwamba aina yake ya e4 huongeza uwezekano wa kupata Alzheimer uzeeni, hasa kwa aliyeirithi kwa baba na mama. Hata hivyo, wapo wengi wenye e4 wasiougua kamwe, na wapo wanaougua bila kuwa nayo.

Je, kushusha kolesteroli ya damu kunasaidia?

Hapa umri ndio wenye uzito. Mwaka 2024 kamisheni ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet iliiweka kolesteroli ya LDL (ile iitwayo kolesteroli mbaya) iliyozidi katika umri wa makamo miongoni mwa mambo 14 yanayochangia maradhi ya kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kurekebishwa. Kolesteroli hiyo huziharibu kuta za mishipa ya damu, na ubongo usiopata damu ya kutosha huwa dhaifu mbele ya ugonjwa. Lakini dawa za statini, zinazoshusha kolesteroli ya damu, zilipojaribiwa kwa watu ambao tayari walikuwa na Alzheimer, hazikupunguza kasi yake. Nawasihi wenye umri wa miaka 40 na 50 wasisubiri: wapime sasa, na aliyeandikiwa statini asiiache bila kuzungumza na daktari wake.

Na melatonini inaingilia wapi?

Melatonini ni homoni inayotolewa na tezi ya pineali, iliyo katikati ya ubongo, giza linapoingia. Hupungua kadiri mtu anavyozeeka, na kwa wagonjwa wa Alzheimer hupungua zaidi. Katika maabara imeonekana kuzikinga seli dhidi ya uharibifu unaoletwa na aina kali za oksijeni na kuzuia chembe za amiloidi beta zisishikamane. Linalonivutia zaidi ni kwamba, katika utando ule ule wa seli, kolesteroli hukakamaza na melatonini hulegeza. Ni matumaini ya kweli, ila bado ni ya maabara.

Nimnunulie mama vidonge vya melatonini?

Tafadhali usianze bila ushauri wa daktari. Majaribio kwa wagonjwa wa Alzheimer hayajathibitisha kwamba vidonge hivyo hurudisha kumbukumbu, na hata kwa usingizi havikuleta nafuu ya wazi. Vinaweza kumwachia usingizi mzito akaanguka anapoamka kwenda msalani, na huweza kuingiliana na dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini.

Mama anapoamka saa nane usiku na kuanza kuvaa akiamini kumekucha, kinachomsumbua ni saa ya mwili iliyovurugika. Mtoe nje apate mwanga wa asubuhi, punguza taa na televisheni jioni, na usimwache alale mchana kutwa. Andika kwenye daftari saa anazoamka usiku na dawa zote anazotumia, kisha mpelekee daktari daftari hilo.