Dhikri bila tasbihi

Wengi tumekua tukiamini kuwa dhikri, yaani kumkumbuka Mungu kwa kumtaja, haitimii bila mswala, tasbihi ya shanga na chetezo cha udi. Ni vitu vizuri, vinatuliza moyo, ila si sharti. Fungua tafsiri ya Kiswahili ya Qurani, sura ya Aal Imran, aya ya 191: wanatajwa wanaomkumbuka Mungu wakisimama, wakikaa na wakilala ubavu. Hadithi nazo zinataja kuhesabu kwa vidole. Jaribu: pitisha kidole gumba kwenye pingili 3 za kila kidole kati ya vile 4, unapata 12. Mama anayesubiri unga wa maandazi uumuke, mikono bado ina unga, anaweza kutimiza "Subhanallah" 33 palepale jikoni. Ukiwa na shaka, muulize sheikh wa mtaani kwako: hili ni sharti, au ni mazoea yetu?