Sambaza si mtoto wa tilapia: yanayosemwa Bukavu kuhusu samaki wetu wadogo

Jirani yangu hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, mama ninayemheshimu kama mzazi wangu, aliacha kununua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. "Wale ni watoto, mwanangu," aliniambia. "Tukiwamaliza, tilapia watatoka wapi?" Moyo wake ni mwema, na hofu yake juu ya ziwa ni hofu yangu pia. Ila samaki aliyekuwa akimhurumia siye.

"Sambaza ni tilapia ambaye hajakua"

Nilinunua sahani moja ya sambaza wabichi, nikachagua mkubwa kidogo, tukampasua tumbo mbele ya mlango wake. Ndani mlikuwa na mayai. Mtoto hana mayai. Sambaza ni samaki kamili, hukomaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na hata akiachwa azeeke hafiki zaidi ya sentimita 17 hivi. Hatageuka tilapia, kama vile mbuzi hageuki ng'ombe kwa kungojewa.

Kuwatenganisha hakuhitaji darubini. Mtoto wa tilapia ana pezi refu la mgongoni lenye miiba, linaanzia karibu na kichwa na kwenda hadi karibu na mkia. Ukimshika vibaya linakuchoma. Sambaza ana pezi moja fupi, laini, katikati ya mgongo, na mkia uliogawanyika kama uma. Magamba yake hubanduka yakakubakia vidoleni. Alama kubwa kuliko zote iko tumboni: mpitishe kidole kutoka mkiani kuelekea kichwani. Utahisi kidole kinakwama kwenye magamba magumu yaliyopangwa kama meno ya msumeno. Hiyo ndiyo chapa ya ukoo wa sadini, na sambaza ni wa ukoo huo. Tilapia hana.

"Sambaza ni samaki wa Kivu tangu zamani za mababu"

Watu wa umri wangu wanashangaa nikisema kwamba babu zetu walizaliwa kando ya ziwa lisilo na sambaza hata mmoja. Kivu ilikuwa na samaki wake wa asili, wengi wao wale wadogo wenye miiba wa jamii ya fulu, lakini katikati ya ziwa, kwenye maji ya wazi, hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vililetwa kutoka Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Waliletwa wa aina mbili, ikashika moja tu. Hiyo iliyoshika, ambayo wataalamu huiita Limnothrissa miodon, ndiyo tunayoiita sambaza.

Wapo wanaosema sambaza walipanda wenyewe kutoka Tanganyika kwa mto Ruzizi. Simama siku moja pale Ruzizi unapotoka ziwani, utazame maji yanakoelekea. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika iko kama mita 770. Maji yanashuka karibu mita 700 kwa mabonde membamba na maporomoko kabla ya kutulia kwenye tambarare ya Uvira, mji ulio kando ya Tanganyika. Samaki wa urefu wa kidole hapandi ngazi ya namna ile. Walibebwa na watu.

"Sambaza na ndagala ni samaki mmoja, tofauti ni jina la mji"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na ndiyo inayowachanganya hata wauzaji wazoefu. Magunia ya ndagala wakavu yanapanda kutoka Uvira na kuwekwa sokoni kando ya sambaza wetu. Wengi wa wale ndagala ni aina ile ya pili, iliyokataa kukaa Kivu: Stolothrissa tanganicae. Ni mwembamba zaidi, na hapiti sana sentimita 10. Lakini Tanganyika ndiko nyumbani kwa sambaza pia, kwa hiyo ndani ya gunia lile lile utakuta sambaza wachanga wamechanganyika na ndagala wakubwa, wote wa urefu mmoja. Hapo usipime urefu, tazama umbo. Sambaza ana mwili mnene kidogo, kimo kikubwa kati ya mgongo na tumbo; ndagala amekonda kama kijiti. Akikauka na kuvunjika kichwa, mimi mwenyewe siwezi kuapa.

Basi kanuni ni hii: gunia la Tanganyika linaweza kuwa na wote wawili, lakini samaki wa ukoo huu aliyevuliwa Kivu ni sambaza tu.

Na kapenta je? Ndugu zetu wa Lubumbashi hupokea samaki wadogo kutoka pande nyingi, na majina yanapishana kama magari kwenye mzunguko. Kapenta wa Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, ni sambaza yule yule: alipelekwa huko mwaka 1967 na 1968, pia kutoka Tanganyika. Lakini chisense wa Ziwa Mweru ni aina nyingine, mdogo zaidi, mwenyeji wa huko.

"Kila samaki mdogo mkavu anayeng'aa ni ndagala"

Si kweli, na hapa mnunuzi hupoteza pesa. Kuna dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye wengine humuuza kwa jina la ndagala. Si wa ukoo wa sadini hata kidogo. Ni jamaa wa samaki wa mtoni wasio na meno mdomoni. Tumbo lake ni laini, halina msumeno, na akiwa mbichi mkia wake una umanjano. Ni chakula kizuri, sina neno baya juu yake. Ninachodai ni auzwe kwa jina lake.

Kivu nako kuna mgeni mwingine, aliyeonekana kwa mara ya kwanza mwaka 2006, naye ni wa asili ya Tanganyika: Lamprichthys tanganicanus. Wavuvi humtoa katika nyavu pamoja na sambaza. Dume ana madoa ya buluu yanayong'aa kwa mistari ubavuni, pezi lake la mgongoni limerudi nyuma, na mkia wake haukugawanyika kama uma.

"Sambaza wana gesi ya ziwa"

Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021, nilisikia maneno haya mengi. Gesi ya Kivu imeyeyuka katika maji ya kina kirefu, na kule chini hakuna oksijeni. Sambaza anahitaji oksijeni, kwa hiyo anaishi katika mita 60 hivi za juu. Hawezi kwenda kuinywa gesi mahali ambapo angekufa.

"Kwa kuwa ni wadogo kwa maumbile, wavu wowote unafaa"

Dhana hii ndiyo inaniuma. Sambaza wakubwa huvuliwa usiku katikati ya ziwa: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwavuta, wavu ukiinuliwa kutoka chini. Lakini sambaza hutaga karibu na ufuko, na vifaranga vyao hukulia kwenye maji mafupi kabla ya kutoka kwenda kwenye kina. Mtu akiburuta chandarua pale ufukoni anakomba sambaza ambao hawajataga hata mara moja, na pamoja nao watoto wa tilapia halisi.

Nilipomweleza jirani yangu haya yote, alikaa kimya, kisha akaniuliza: wale wanaouzwa kwa kikombe kule chini ziwani, wadogo kama sindano, macho yao ndiyo yanaonekana kwanza, ni wa mitumbwi ya taa? Hapana, mama. Wale ni wa chandarua.