Kurt Warner hakutoka dukani moja kwa moja

Wengi husimulia hivi: jana Kurt Warner, mrushaji mpira (quarterback) wa futiboli ya Marekani, anapanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi, leo bingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya NFL. Tamu, ila imeruka miaka. Kweli, timu ya NFL ya Green Bay Packers ilimtema 1994, akapiga zamu za usiku dukani huko Iowa kwa dola 5.50 kwa saa. Lakini kuanzia 1995 alicheza misimu mitatu Iowa Barnstormers, kwenye ligi ya ukumbini yenye uwanja wa yadi 50 tu. Humo, ukichelewa kuachia mpira, umelala chini. Kisha timu ya Amsterdam, Ulaya, 1998. Trent Green, mrushaji mkuu wa Rams, timu ya NFL aliyokuwamo Warner, alipoumia goti 1999, mkono wa Warner ulikuwa umeshaiva. Fainalini, Januari 2000, alirusha yadi 414.