Onyo kwenye chupa linaandikiwa nani?

Kazi yangu ni kukagua lebo za bidhaa za nyumbani kabla hazijaenda kuchapwa: sabuni, dawa za usafi, vifaa vya umeme. Marafiki wakishajua hilo hawaachi kunitumia picha. Kigari cha mtoto kilichoandikwa "Mtoe mtoto kabla ya kukunja." Pasi inayokukataza kunyoosha shati ukiwa umelivaa. Halafu swali linafuata: hivi kuna mtu mwenye akili timamu anayehitaji kuambiwa hayo?

Hakuna. Sentensi zile zimeandikwa kwa ajili ya hakimu.

Chanzo chake ni sheria ya madai, ile ya Waingereza ambayo Kenya na Tanzania tuliirithi. Mwaka 1928, huko Paisley, Scotland, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, na alipomiminiwa iliyobaki, akadai, konokono aliyeoza akatoka nayo. Yeye hakununua chochote, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Mwaka 1932 mabwana wa mahakama ya juu Uingereza wakaamua kwamba mwenye kiwanda ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho, hata kama hawajuani. Tangu hapo mlango ukafunguka. Bidhaa inaweza kumtia mtengenezaji wake matatani kwa kuharibika wakati wa kutengenezwa, kwa kubuniwa vibaya tangu mwanzo, au kwa kuwa na hatari ambayo mnunuzi hakuambiwa. Hilo la tatu ndilo linalotulisha sisi wa lebo. Wino ni rahisi, kesi ni ghali.

Kesi inayotajwa kila mahali, na kusimuliwa vibaya karibu kila mara, ni ya kahawa ya McDonald's. Wengi wameipata hivi: bibi kajimwagia kahawa, kashtaki, katajirika, na ndiyo maana vikombe siku hizi vina onyo. Bibi huyo, Stella Liebeck, alikuwa na miaka 79, amekaa kiti cha abiria, gari limesimama, Albuquerque, mwaka 1992. Alikibana kikombe kwa magoti ili afungue kifuniko, kikammwagikia. Kahawa ile ilikuwa ikiuzwa kwenye nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi, joto linalochoma ngozi mpaka ndani kwa sekunde chache. Alilazwa siku 8 na kuwekewa ngozi mpya. Aliomba kampuni imlipe dola 20,000, ikamtajia 800. Mahakamani ikabainika kwamba katika miaka 10 iliyotangulia kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuungua, na joto halikushushwa.

Sasa sikiliza hili, maana wasimuliaji huliruka: kikombe kile kilikuwa na onyo. Jopo la raia walioamua kesi waliona maandishi ni madogo na hayatoshi. Walimpa dola 200,000, wakakata asilimia 20 kwa sababu naye alichangia, kisha wakaongeza milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni. Jaji akazishusha hizo hadi 480,000, na mwishowe pande mbili zikamalizana faraghani.

Kwa hiyo mteja akiniambia "tuandike tu kwamba ni hatari, tumemaliza," huwa namsimulia kesi hiyo. Mpangilio wa kazi unajulikana: kwanza ondoa hatari, ikishindikana ikinge, na kinachobaki ndicho ukionye. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1970 ya vifungashio vya sumu ambavyo mtoto hawezi kuvifungua kirahisi, vile vifuniko vya kubonyeza huku unazungusha. Kifuniko hicho kina bei. Mstari wa "weka mbali na watoto" ni karibu bure. Mnajua ni kipi ninachoombwa mara nyingi.

Wakati mwingine onyo huwa ngao kabisa. Bunge la Marekani lilipolazimisha onyo kwenye pakiti za sigara, sheria ya 1965 iliyazuia pia majimbo yasidai maneno mengine kwenye pakiti. Mwaka 1992, katika kesi ya familia ya Rose Cipollone, mvutaji sigara aliyekufa kwa saratani ya mapafu, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba sheria iliyofuata, ya 1969, ilifunga baadhi ya madai ya kutoonywa vya kutosha. Madai ya udanganyifu yalibaki wazi, lakini kinga ile haikuwa ndogo.

Tuje kwenye chupa ya jiki. Rasimu nyingi huniletea maonyo kumi yenye herufi za ukubwa mmoja: hifadhi mahali pakavu, usipigwe na jua, tikisa kabla ya kutumia. La saba, katikati ya umati, ni "usichanganye na bidhaa nyingine." Bidhaa zipi, na kwa nini? Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi inatoka gesi ya klorini, na choo chenyewe hakina dirisha la maana. Mimi hulipandisha juu, peke yake, kwa herufi nene: "HATARI. Usichanganye na dawa ya choo. Hutoa gesi ya sumu. Ukikohoa, toka nje." Hayo ya kutikisa yasubiri nyuma ya chupa.

Mawakili hawapendi nikipunguza, kwao onyo la ziada halidhuru. Linadhuru. California ina sheria ya mwaka 1986 inayodai onyo kwa kemikali zinazosababisha saratani, na mabango yake yametapakaa hadi kwenye maegesho ya magari. Watu wanayapita kama ukuta.

Huku kwetu kuna tatizo ambalo vitabu vya Wamarekani havinisaidii: kupimiwa. Sabuni ya maji, jiki, mafuta ya taa, hata dawa ya wadudu hutoka kiwandani kwenye dumu lenye lebo safi na alama za hatari za Umoja wa Mataifa, zile za umbo la almasi zenye mpaka mwekundu. Dukani vinamiminwa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Mtoto anayeikuta chupa hiyo chini ya sinki anaona maji. Nimependekeza kwa wateja vifungashio vidogo vya bei ya kupimia, au angalau stika za bure ziambatane na kila dumu, muuzaji abandike. Mmoja alikubali stika. Wengine walinijibu kwamba bidhaa ikitoka getini na lebo yake, wao wamemaliza wajibu. Mahakamani hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo hakuna anayeharakisha kuuliza dumu linaishia wapi.