Ushuru wa samaki Deep Sea umeanzia ibara ya 138

Mchuuzi mmoja wa samaki pale soko la Deep Sea aliniuliza swali ambalo hapa Tanga nimeulizwa kwa namna nyingi tangu nianze uwakili: "Wakili, huyu kijana wa halmashauri mwenye mashine ya POS, ruhusa ya kunidai ushuru kapewa na nani? Sheria si hutungwa Dodoma?"

Hutungwa Dodoma, ndiyo, ila si zote. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inakataza kutoza kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu ambao sheria ya Bunge imeutilia nguvu. Kwa hiyo kijana hana mamlaka yake mwenyewe, mkurugenzi wa halmashauri hana, na baraza la madiwani nalo linayo ya kupewa tu. Mwaka 1982 Bunge lilitunga Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa na kutaja humo vyanzo vya mapato ya halmashauri. Ndani ya mipaka hiyo halmashauri hutunga sheria ndogo, na humo ndimo unapokuta tenga la samaki lilipiwe shilingi ngapi.

Jina "sheria ndogo" lisikuhadae, kwani ukiivunja unashtakiwa. Rasimu yake hutangazwa ili wakazi watoe maoni au pingamizi, madiwani huipitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiidhinisha, kisha huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo na mwaka. Azimio la kikao ambalo halikufika huko linabaki azimio. Barua yenye mhuri haizai ushuru, hata mhuri uwe mwekundu namna gani. Mteja akiniletea shauri la ushuru, kwanza namwomba stakabadhi, halafu natafuta namba ya tangazo. Mara nyingi tangazo lipo. Kuna halmashauri moja, nisiitaje, tulifungua jedwali la viwango tukakuta kiwango kimeandikwa kwa tenga, na mteja alikuwa akitozwa kwa kilo.

Bungeni mambo ni marefu zaidi. Kwanza, ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili: Rais na Wabunge. Rais ni sehemu ya Bunge ingawa si mbunge, na ndiyo maana kura za wabunge peke yake hazitoshi kuzaa sheria. Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza bila mjadala, kisha hupelekwa kwenye kamati. Tunaouona kwenye televisheni ni mjadala wa kusomwa mara ya pili, ukifuatiwa na Kamati ya Bunge Zima inayopita kifungu kwa kifungu, "wanaoafiki waseme ndiyo", mpaka kusomwa mara ya tatu.

Kwa maoni yangu, mwananchi mwenye hoja asisubiri televisheni. Aende kwenye kamati, kwa sababu hapo ndipo wadau huitwa na hapo ndipo maneno ya muswada bado ni laini. Nimewahi kuwaandikia wavuvi maoni ya namna hiyo. Walitaka nijaze kurasa za malalamiko, nami nikawaambia tutaje namba ya kifungu, tuandike maneno tunayotaka yafutwe na yale tunayotaka yaingie, na sababu kwa mistari michache. Mbunge anaweza kuyachukua yakiwa hivyo na kuyatia kwenye jedwali lake la marekebisho. Malalamiko matupu atayasikiliza kwa heshima, basi. Ukiupata muswada, anzia kurasa za mwisho penye "Madhumuni na Sababu", maana hapo Serikali inaeleza inachotaka kwa lugha ya kawaida. Ule unaokuja kwa hati ya dharura, yaani unaoharakishwa, huwa sipendi kuuona. Kanuni zinauruhusu, lakini nafasi ya wadau ndiyo ya kwanza kubanwa.

Rais akikataa kutia saini, anaurudisha muswada pamoja na sababu. Hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita, ila ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi hivyo, ana siku 21 za kuukubali, au alivunje Bunge. Mbunge anayesukuma muswada hadi hapo anajua fika kwamba kiti chake nacho kimo mezani.

Hata baada ya saini, ibara ya 64(5) inabatilisha sheria yoyote kwa kiasi inachokwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu iliona kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Angalieni kilichoamriwa, maana wengi hukosea hapa: mahakama haikuandika sheria mpya. Iliitaka Serikali ivirekebishe vifungu hivyo, na kalamu ya kufanya hivyo ni ya Bunge.

Sheria ndogo nayo hupimwa, na hupimwa mara mbili: kwa Katiba na kwa sheria mama iliyoizaa. Njia iliyozoeleka ni mapitio ya mahakama, yaani kuiomba mahakama ipime uhalali wa uamuzi wa mamlaka, ambayo huanza kwa kuomba kibali Mahakama Kuu ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaolalamikiwa. Wengi hufika ofisini kwangu miezi minane ikiwa imeshapita.